Nilimwita Mchawi Mtu Aliyenishikia Kamba

Asalaam alaykum. Na nyie wa upande wa pili, Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti amenipa dakika kumi, na namwona ameshaivua saa ameiweka mezani. Mwenyekiti, ivae tu saa yako. Jambo hili limenichukua karibu miaka miwili kulitoa mdomoni, haliwezi kuisha kwa dakika kumi.

Wengi mnanijua. Mie ndiye mchimba visima wa huku bondeni Madale. Wewe mama unayecheka hapo nyuma, kisima chako nimechimba mimi, na maji yake unayauza hadi leo, kwa hiyo nisikilize kwa adabu. Leo sitataja jina la mtu yeyote. Niliwahi kutaja jina la mtu mbele ya chama chetu hiki cha kufa na kuzikana, na hilo ndilo lililonisimamisha hapa.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli wangu kwanza, ili mjue mnamsikiliza nani. Mie ni mtu wa kisasi. Sikuanza ukubwani. Nikiwa mdogo kule kusini jogoo wa jirani alinidonoa mguuni, basi nilimsubiri mwaka mzima mpaka Idi, nikaomba mie ndiye nimshike wakati anachinjwa. Mama alisema moyo huu utakuja kunila. Nikamwona anasema maneno ya wanawake.

Sasa, kazi yetu. Kuchimba kisima kwa mkono ni kazi ya watu wawili. Mmoja yuko chini na sururu, mwingine yuko juu na kamba na ndoo. Wa chini haoni kitu zaidi ya ukuta wa udongo na kiduara cha mbingu. Wa juu ndiye anayeona ukingo ukianza kupasuka, ndiye anayepiga mluzi utoke. Humwamini wa juu, hushuki. Mwenzangu mimi alinishikia kamba miaka kumi na moja. Mara mbili alinivuta ukuta ukiwa unaporomoka, mara ya pili viganja vyake vilichunika hadi ikaonekana nyama. Hakuwahi kunikumbushia, hata siku moja.

Mjomba aliyenifundisha kazi alinipa sheria moja: kisimani huingii na viatu. Maji ni kama mwenye nyumba, alisema, ukimwingilia na viatu anakukasirikia na kuondoka. Niliishika sheria hiyo tangu ujana. Peku masika, peku kiangazi. Miguu yangu ilikuwa na magaga ambayo ungeweza kupanda mbegu ya mchicha ikaota. Na sukari ninayo, niligunduliwa zamani, nikapewa vidonge, nikavila miezi michache, nilipoona nimepata nguvu nikaviacha. Wangapi humu wamefanya hivyohivyo? Haya, msinyooshe mikono, nawaoneni tu nyuso.

Masika ya mwaka juzi tukapata kazi ya kisima kule chini, karibu na kijito, udongo mweusi, tope la kunuka. Siku ya nne ilikuwa zamu yake kushuka, mimi niko juu, nachungulia, namwona mwenzangu amevaa gambuti, yale mabuti marefu ya mpira. Shemeji yake alimletea. Nikamwambia, "Toka humo, vua."

Akasema, "Kaka, mie nina kidonda kidoleni, na tope hili silipendi. Hata wewe na hiyo sukari yako ungevaa."

"Unataka kunifundisha kazi?"

"Sikufundishi. Nalinda mguu wangu."

Tukafika kwenye maji. Tukayaonja. Chumvi tupu! Mwenye kiwanja akatufukuza kwa matusi, na mimi nikajua sababu, au nilidhani najua. Zile gambuti alikuwa ameziegemeza kwenye rundo la udongo. Nikachukua panga nikazikatakata mbele yake, moja baada ya nyingine, mpaka zikawa vipande vya mpira. Hakunizuia. Alikunja kamba vizuri kama alivyozoea, akaiweka chini, akasema, "Kamba yako sishiki tena." Akaondoka.

Na mie nikasema moyoni, huyu nitamwonyesha.

Nikarudi kijitoni kuchimba kisima kingine hatua chache kutoka pale, juu nimeweka kibarua. Nilitaka kuthibitisha kwamba bila gambuti maji yanatoka matamu. Nikachimba kwa hasira, peku, tope magotini, wiki nzima na mvua yake. Nikajikata na koleo chini ya kifundo, nikalifunga jeraha kwa kitambaa, nikaendelea. Maji yakatoka, na kweli yalikuwa matamu. Niliyapeleka kwenye chupa hadi mlangoni kwake, nikamkuta mkewe, nikamwambia, "Mpe aonje." Mnaona roho yangu ilivyokuwa?

Haikufika wiki ya tatu nikaanza kuugua. Homa inayopanda jioni mpaka meno yanagongana. Kikohozi. Suruali zikaanza kunivuka. Nikaenda zahanati, malaria hakuna, nikapewa dawa ya malaria. Nikaambiwa taifodi, nikanywa dawa ya taifodi. Nikaambiwa UTI, maana huku kwetu hutoki zahanati bila UTI. Nikachomwa sindano siku saba, zile zinazotia ganzi tako, na homa ikanicheka. Likatoka jipu pajani, kubwa, wakalipasua, usaha wakaupeleka kwenye maabara moja ndogo. Majibu yakaja: hakuna kitu, ni uchafu tu wa ngozi. Picha ya kifua ikaonyesha doa juu ya pafu. Makohozi yakapimwa mara tatu, TB haikuonekana, lakini wakasema kwa doa hilo na kukonda huku, tuanze dawa za TB. Nikazimeza miezi miwili na nusu. Nikazidi kukonda. Watu wakaanza kunisalimia kwa mbali, kila mmoja na ugonjwa wake alionichagulia.

Mwenzangu alikuja kuniona. Ndiyo, alikuja, na machungwa kwenye mfuko. Nikamwambia mama watoto amwambie nimelala. Nilikuwa nimekaa kitandani namsikia.

Kwa nini? Kwa sababu nilishakwenda kwa mganga. Akaniuliza, "Kazini unakuwa na nani?" Nikamweleza yote, ugomvi, gambuti, kamba. Akafumba macho, akatikisa kibuyu, halafu akaniambia, "Namwona mtu ameshika kamba." Jamani! Nilimwambia mwenyewe, akanirudishia yaleyale, na nikashangaa amejuaje. Akili ya mgonjwa mwenye kisasi haina kazi ngumu. Inatafuta tu wa kumbebesha.

Ndipo nikaja hapa. Mnakumbuka. Nililetwa nimeshikwa mabega, nikasimama palepale alipokaa mzee mwenye kofia ya kijani, nikamtaja mwenzangu kwa jina lake na la baba yake. Nikasema ameniroga. Nikasema ana wivu na visima vyangu. Nikasema mtu wa namna hiyo tunamzikaje, tunakula naye vipi? Na nyie, msiinamishe vichwa sasa, mlinyoosha mikono. Katibu aliandika. Akafutwa kwenye chama yeye na nyumba yake. Wiki hiyohiyo mawe yalitua kwenye bati lake, na aliyerusha anajijua.

Mwezi mmoja baadaye mama yake akafariki. Bibi yule mnamjua, alikuwa anakaanga mihogo pale njiapanda na hajawahi kumnyima mtoto wa mtu kipande. Mjumbe akapita nyumba kwa nyumba kutangaza msiba. Na chama hakikwenda.

Dirisha langu linatazama njia ya makaburini. Nilijivuta nikakaa, nikaona jeneza likipita alasiri ile. Nikahesabu watu. Kumi na mmoja. Kwa msiba wa Madale, watu kumi na mmoja! Walikuwa wanapokezana haohao mpaka wanayumba, mwenzangu yuko mbele, hata nafasi ya kushusha bega kufuta machozi hakupata.

Ndugu zangu, niwafiche nini? Nilifurahi. Homa niliiona kama imeshuka. Niliomba ugali, na nikaula. Kisasi kitamu, nyie! Msimsikilize anayewaambia ni kichungu. Ni kitamu kama embe dodo, na ndiyo maana watu wazima wanakufa nacho.

Utamu ule ulidumu siku nne. Siku ya tano nilianguka chooni. Wakanibeba hadi hospitali kubwa, sitaitaja, nikiwa sijijui. Sukari ilikuwa imepanda mpaka mashine yao imeandika neno badala ya namba. Wakanitoa damu kwenye mikono yote miwili, wakaiweka kwenye chupa, wakasema wanaipeleka kuoteshwa. Mimi nilidhani ni miche tu ndiyo inaoteshwa. Kumbe vijidudu navyo vinaoteshwa, ili vikiwa vingi vionekane vinafanana na nani.

Siku ya tano wodini akaja dada mmoja wa maabara. Watu wa maabara hawajagi wodini, karatasi zao ndizo zinazokuja. Huyu alikuja mwenyewe, lafudhi ya bara, mwembamba, hana tabasamu la bure. Hakuniuliza naumwa wapi. Akauliza, "Mzee, unafanya kazi gani?"

"Nachimba visima."

Akavuta kiti akakaa, kama mtu aliyepata barua aliyokuwa anaisubiri. Akaniambia, "Basi nimempata. Umelala na mdudu wa udongo."

Nikamwomba anieleze taratibu, na alinieleza, na nimelishika jina lake kama mtu anavyoshika jina la adui. Anaitwa Bakhoderia. Burkholderia pseudomallei, ukitaka yote. Ugonjwa wake ni melioidosisi. Anaishi kwenye udongo na kwenye maji yaliyotuama, mvua zikinyesha anakuja juu. Anaingia kwenye kidonda, anaweza kuvutwa kwa pumzi, hata kunywewa. Kwa mtu mzima wa afya mara nyingi hafui dafu. Lakini akimkuta mwenye sukari, au mwenye figo mbovu, au mlevi wa kupindukia, anatawala. Anatengeneza majipu popote: pajani, kwenye ini, kwenye pafu. Ndiyo maana anafananishwa na TB. Anao pia ndugu zake, alisema. Mmoja huua farasi na punda, na mtu pia akimpata. Mwingine hupenda kujificha kwenye dawa za kusafishia vidonda zilizochanganywa na maji machafu, akiwasubiri wenye mapafu dhaifu. Ukoo mzima wa washenzi.

Nikamuuliza, "Umemjuaje?"

Hapo ndipo uso wake ulipopata uhai. Akasema damu yangu ilikaa siku nzima kimya. Siku ya pili vikatokea vidoti vidogo, ambavyo mtu mwenye haraka angesema ni uchafu. Akaviacha. Siku ya nne vilikuwa vimekauka na kukunjamana kama nguo isiyopigwa pasi. Akavipaka rangi akavitazama kwenye hadubini: vijiti vyekundu vyenye ncha zilizokolea na katikati peupe, kama ile pini ya kubania nepi ya mtoto. Kisha akamtega kwa dawa. Wanaweka vidoti vya karatasi vyenye dawa kwenye sahani, halafu wanatazama mdudu anaogopa kipi. Ile sindano niliyochomwa zahanati siku saba, mdudu aliota mpaka akaikumbatia. Dawa ya pili hivyohivyo. Ya tatu ndiyo aliikimbia, akaacha duara tupu. "Mdudu anayedharau hizo mbili na kuogopa hiyo moja," akasema, "mimi simwiti uchafu tena." Akapeleka sampuli maabara kubwa zaidi, na siku chache baadaye wakathibitisha. Akaniambia pia kwamba mwenzake mmoja alitaka kufunua sahani anuse, maana mdudu huyu ana harufu ya udongo wa mvua, naye akampiga kibao cha mkono. Huyu hanuswi. Anashughulikiwa ndani ya kabati maalumu linalovuta hewa.

Nikakumbuka usaha wa paja langu. Nikamwambia. Akasema, "Basi walikuwa naye mkononi wakamtupa."

Nyie, damu ilinichemka! Miezi yote ile! Nikamwambia, "Dada, nitafutie jina la aliyemtupa. Nikitoka hapa naanza na yeye, halafu nammalizia mchawi wangu."

"Ukimpata utamfanya nini?"

"Utasikia kwenye redio."

Akanitazama. Akasema, "Basi uanze na mimi. Miaka ya nyuma nilikuwa na sahani kama yako. Siku ya pili nikaandika uchafu, nikaitupa. Alikuwa mama mmoja mkulima wa mpunga, ana sukari kama wewe. Hakupona. Tangu hapo mimi na mdudu huyu tuna kisasi. Kila sahani inayoonekana uchafu ya mtu wa tope, naiacha siku saba."

Mwanamke ana kisasi kuliko mimi, lakini chake kinaponya watu.

Akainuka kuondoka, halafu akageuka na kuuliza swali lililonimaliza. Akauliza tu kikazi, ana karatasi mkononi. "Kisimani uko na nani? Tunataka kujua kama kuna mwingine anayeumwa."

"Nilikuwa na mwenzangu. Yeye haumwi."

"Tope lilelile?"

"Lilelile."

"Yeye anaingia vipi?"

Mdomo wangu ukajibu kabla sijauzuia. "Alivaa gambuti."

"Na wewe?"

"Peku."

Akaandika. Akasema hawezi kuapa kwamba ilikuwa miguuni, labda nilivuta kwa pumzi, labda ni lile jeraha la koleo, lakini peku na sukari na magaga kwenye tope la masika ni kumfungulia mlango na kumtandikia mkeka. Kisha akaenda zake na karatasi yake.

Mie nikabaki na dari. Ndugu zangu, nilijaribu kumtafutia mwenzangu kosa, naapa nilijaribu. Nilitaka hata awe ndiye aliyemtia mdudu kisimani. Haikuwezekana. Aliniambia vaa, nikamkatia viatu vyake. Kama ningetaka kumpata aliyenifanyia ubaya, ilinibidi nitafute kioo.

Mama watoto alipokuja na uji nikamweleza. Nilidhani atanihurumia. Aliweka bakuli chini akasema, "Nami nina la kukwambia. Mama yake alipokufa, walioosha maiti walikuwa wanawake watatu. Wa tatu nilikuwa mimi."

"Uliniambia umekwenda sokoni."

"Nilikudanganya. Na ungenikataza ningekwenda vilevile. Bibi yule alinikaangia mihogo nina mimba ya kwanza, chakula kingine kilikuwa hakishuki. Nimwache aoshwe na watu wawili kwa ajili ya jipu lako?"

Nilikaa naye nyumba moja miaka ishirini na mbili, sikujua nimeoa mtu wa namna ile. Uji ulipoa.

Matibabu yakaanza. Sindano za mshipani kila siku kwa wiki tano, maana kulikuwa na jipu jingine kwenye ini. Halafu vidonge vikubwa vyeupe, wengi mnaviita septrini, asubuhi na jioni, miezi mitano. Mwezi wa pili nilijisikia mzima kabisa. Nikala pilau, nikatembea hadi kituoni. Nikataka kuviacha, kama nilivyoacha vya sukari. Nikampigia yule dada kumuaga. Akasema, "Acha. Mdudu huyu anajua kujificha miaka, ukimwacha nusu anarudi, na safari hiyo sidhani kama nitakukuta ukiwa hai. Wewe si ulisema ni mtu wa kisasi? Kisasi gani kinaishia katikati?"

Basi nilivimeza kwa hasira. Kila kidonge namtukana: kunywa, mshenzi, kunywa. Watoto wakawa wanasimama mlangoni kusikiliza matusi ya asubuhi. Vilinichafua tumbo, vilinitoa vipele, sikukosa hata kimoja. Ukitaka kulipiza kisasi maishani, lipiza kwa dozi, maliza mpaka cha mwisho.

Nilipopata nguvu tukaenda, mimi na mama watoto, kumtafuta mwenzangu. Alishahama. Tukamkuta Buguruni sokoni, anabeba magunia ya viazi. Bega lake lina sugu. Nikamwona kabla hajaniona, nikataka kurudi. Mke wangu akanishika shati.

Nikamweleza kila kitu, mdudu, maabara, gambuti. Alisikiliza gunia likiwa bado begani. Nilipomaliza akalishusha.

Akasema, "Nilipoambiwa umelazwa hujitambui, unajua nilifanya nini? Nilinunua soda baridi nikanywa yote. Nilikuombea ufe. Kila sala."

Nikasema, "Ni haki yako."

"Usinigawie haki zangu. Unataka nini?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

Akacheka, kicheko kibaya. "Hapa, kwenye viazi? Ulinichafua hapa? Ulinitaja kwenye chama, mbele ya wazee, na baba yangu ukamtaja marehemu kaburini. Nenda ukaseme huko. Sema ulivyofurahi pia, maana najua ulifurahi, nilikuona dirishani. Na usije ukasema tuliteleza, sijui shetani alitupitia. Ukimaliza, ndiyo nitafikiria. Sikuahidi kitu. Mama yangu hazikwi mara ya pili."

Akapandisha gunia, akaenda.

Nilichelewa. Tangu siku ile imepita miezi minane. Nilitafuta njia ya pembeni: nimtume mtu, niandike barua, nimjengee mama yake kaburi kimyakimya. Kila nikifikiria kusimama hapa goti linakataa. Mtu wa kisasi hajui kuinama, hajazoea. Lakini nimejua sasa kwamba hicho ndicho kisasi chake, na amekichagua vizuri kuliko panga. Nisimame mbele ya watu haohao, na mdomo uleule, nijivue nguo mwenyewe. Basi nimejivua.

Yule mtu hakuniroga. Hakunifanyia ubaya wowote. Mimi nilikata viatu vyake, nikamwongopea, nikamfukuzisha, na mama yake akapita dirishani kwangu na watu kumi na mmoja nami nikala ugali. Ni mimi. Katibu, andika hivyohivyo, usiipambe.

Namshukuru dada wa maabara, aliyeiacha sahani yangu siku mbili zaidi wakati angeweza kwenda nyumbani. Namshukuru mama watoto, amekaa pale, anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Nawashukuru wale kumi na mmoja, siwajui wote, mliifanya faradhi ambayo sisi mamia tuliikimbia.

Nyie wenzangu wa tope, wa mpunga, wa mchicha bondeni, wa visima: vaeni gambuti. Maji hayamkimbii mtu, nimechimba visima vitatu tangu nipone, vyote kwa gambuti, na vyote vina maji, kimoja cha chumvi, kwa sababu huko chini kuna chumvi. Wenye sukari, mezeni dawa zenu. Na ukiwa na homa isiyoisha, umemeza hiki na kile, mwambie daktari unafanya kazi gani, umwombe damu au usaha uoteshwe, na usikubali neno uchafu upesi. Msimtafute wa kumbebesha kabla hamjatafuta mdudu.

Mwenyekiti, nina ombi moja, kisha naketi. Ijumaa hii, baada ya swala, naomba chama kiende makaburini kwa yule bibi. Wote mlionyoosha mikono siku ile. Tukasimame tu pale, wenye dua waombe, wa upande wa pili wainamishe vichwa. Atakayekataa simlaumu, mimi na mke wangu tutakwenda.

Na wewe uliyekaa pale mlangoni tangu nilipoanza, na mguu mmoja nje. Sikujua kama utakuja. Watu walikuwa wananitazama mimi, mimi nilikuwa nakutazama wewe. Nimesema yote uliyoniagiza. Simama sasa, useme lako mbele yao, hata kama ni kunikatalia. Hapa nilipo siketi mpaka nikusikie.